Helikopta mpya ya rimoti saizi ya 450: nianzeje kuirusha bila kuivunja siku ya kwanza?

Chuma_Njiro

Wakuu, habari za jioni. Nimemaliza kufunga helikopta ya umeme saizi ya 450. Ni flaibalesi, yaani haina ile fimbo ya kusawazisha juu ya kichwa. Mapanga ni mm 325 ya faibaglasi, mkia unaendeshwa na mkanda, mota KV 3,500 (mizunguko kwa dakika kwa kila volti), pinioni, yaani gia ndogo ya mota, meno 13, gia kubwa meno 150, betri LiPo 3S (seli tatu) mAh 2,200. Swoshi, yaani sahani ya chini ya kichwa inayoinamisha mapanga, ina servo (mota ndogo za kusogeza) tatu kwa nyuzi 120. Rimoti ni Mode 2 (resi na mkia kijiti cha kushoto). Mapanga yanazunguka kufuata saa ukitazama kwa juu. Niko Arusha.

Kwenye simyuleta naielea mkia ukiwa kwangu dakika tano bila kuangusha. Ikikaa ubavu bado natetereka, na pua ikinielekea ndiyo basi tena.

Nataka kujua nikague nini mezani kabla ya kufunga betri, niweke pichi (pembe ya mapanga) na resi (nguvu ya mota) kiasi gani, na siku yenyewe nianze vipi. Vipuri vya kuagiza mapema ni vipi? Huku duka la karibu halina hata skrubu yake.

---

Benchi_Kwanza

Karibu mkuu. Naanza na meza, maana helikopta nyingi zinazoanguka siku ya kwanza zilishaanguka mezani, ila mwenyewe hajui.

Kabla ya lolote chomoa waya mbili kati ya tatu za mota. Usiseme "nitakuwa mwangalifu". Ukikosea kijiti mota ikiwa imeungwa, mapanga yatakukuta umeinama juu yake. Ukiwa mvivu wa kuchomoa waya, sogeza mota pinioni iachane na gia. Na mapanga makubwa yavue kabisa mpaka umalize mipangilio yote.

Sasa gundi ya nati. Kila skrubu inayoingia kwenye chuma itiwe tone la Loctite ya bluu, hata kama kiwanda kimekufungia tayari. Zifungue moja moja, zisafishe kwa spiriti, tia gundi, rudisha. Zinazoingia kwenye plastiki usizitie, ile gundi inakula baadhi ya plastiki na kuipasua. Zile za kuangalia kwa jicho la pekee ni skrubu mbili za kwenye ncha za shafti ndogo ya kichwa (ile inayopita katikati na kushika vishikio vya mapanga), bolti ya Yesu, yaani ile inayoshika kichwa kwenye shafti kuu, na skrubu ndogo za kukazia pinioni na kitovu cha mkia. Ya pinioni hakikisha imekaa juu ya ule upande bapa wa shafti ya mota, siyo pembeni yake.

Kwa kuwa utakuwa umefungua vishikio vya mapanga, angalia beringi ya msukumo iliyomo ndani. Ina pete mbili zinazofanana kwa macho, lakini tundu la moja ni kubwa kidogo. Yenye tundu kubwa inakaa ndani, upande wa katikati ya kichwa. Yenye tundu dogo inakaa nje, upande wa kichwa cha skrubu. Ukizibadilisha, helikopta itaruka, itakupa moyo, halafu siku moja kishikio kitachomoka na panga lake. Zipakwe grisi kidogo.

Gia na pinioni: weka kipande cha karatasi ya daftari katikati ya meno, sukuma mota ikaze, funga skrubu, kisha zungusha karatasi itoke. Itoke ina alama za meno lakini haijachanika. Zungusha gia kubwa mzunguko mzima ukisikilizia kwa kidole. Nyingi haziko duara kamili, kwa hiyo pima pale palipobana zaidi, siyo pale palipolegea.

Mkanda wa mkia ndio unaowatesa wengi. Unapita ndani ya bomba ukiwa umesokotwa robo mzunguko, na ukiusokota upande usio wake pangaboi la mkia litazunguka kinyume. Zungusha kichwa kwa mkono kuelekea upande wake wa kawaida, kisha tazama mkia unaelekea wapi, linganisha na mchoro wa kitabu. Mvuto wake: ingiza ncha ya alenki mbele ya bomba, sukuma upande mmoja wa mkanda. Unatakiwa uende mpaka nusu ya njia kuelekea upande wa pili. Ukigusana kirahisi umelegea, utaruka meno ukipiga resi. Ukiwa hausogei kabisa umebana, unakula umeme na beringi.

Baada ya hapo ndipo unaiwasha (waya za mota bado ziko nje) na kuangalia mielekeo ya jairo, kile kifaa kinachohisi mizunguko ya helikopta na kuisawazisha. Hapa sikiliza vizuri. Vijiti kwenda sahihi siyo ushahidi kwamba jairo nayo iko sahihi, ni vitu viwili tofauti. Inua helikopta mkononi, iinamishe mbele haraka. Swoshi inatakiwa iiname nyuma, kama inakukatalia. Ilaze kulia, swoshi ilalie kushoto. Kwa mkia, kwanza sukuma kijiti cha mkia kulia, kumbuka kitelezi cha mkia (kile kinachobadili pichi ya mapanga ya mkia) kimekwenda upande gani. Sasa geuza pua kushoto kwa mkono. Kitelezi lazima kiende upande ule ule kilipokwenda ulipopiga kulia. Kikienda kinyume, helikopta itajizungusha kama pia mara tu miguu itakapoachana na ardhi na hakuna kidole cha kuiokoa.

Mwisho wa meza: uzito. Funga betri na kava la pua, ishike kwa vidole viwili chini ya vishikio vya mapanga, mapanga yakiwa yamekatisha bomba kama msalaba. Isilalie pua wala mkia. Sogeza betri mpaka ikae sawa, kisha chora alama kwenye trei ili kila siku ikae hapo hapo.

---

Mapanga_Sawa

Benchi kamaliza meza, mimi naenda kwenye namba.

Mikono ya servo za swoshi ikae nyuzi 90 vijiti vikiwa katikati. Pale ambapo meno ya servo hayakupi 90 kamili, rekebisha ndani ya programu ya jairo, usirekebishe kwenye rimoti. Kwenye flaibalesi trimu za rimoti (vile vitufe vidogo vya kusahihisha kando ya vijiti) zote zibaki sifuri, leo na siku zote. Jairo inasoma trimu kama amri ya "endelea kuzunguka polepole", kwa hiyo ukipiga trimu mbili za kulia, haitatulia, itaendelea kujipindua kulia taratibu huku wewe unashangaa.

Swoshi ikishakaa sawa, funga panga moja na kipimo cha pichi. Kijiti katikati kisome nyuzi 0 kwa mapanga yote mawili. Juu kabisa na chini kabisa visome sawa, mfano +11 na −11, halafu kwenye rimoti ndipo unapunguza kwa mkunjo wa pichi, yaani mpangilio wa pichi kwa kila nafasi ya kijiti. Kwa anayeanza mimi naweka −3 chini, +4 katikati, +10 juu. Kuelea kutaangukia +5 mpaka +6, yaani kijiti kikiwa kimevuka katikati kidogo tu.

Resi. Hesabu yako: 3,500 mara volti 11.1 ni mizunguko 38,850 kwa dakika kwenye mota. Gawa kwa uwiano wa gia 150/13, yaani 11.54, unapata kama 3,367. Ikibeba mzigo itapungua kama asilimia 10, kwa hiyo resi kamili kichwa kitazunguka karibu 3,000. Hiyo ni ya watu wanaopindua helikopta kichwa chini. Kwa kuelea saizi ya 450 inatosha 2,300 pwani.

Lakini wewe huko pwani hauko. Arusha ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa huko ni nyepesi kwa takriban asilimia 13. Nguvu ya kuinua inafuata uzito wa hewa mara mzunguko kipeo cha pili, kwa hiyo ili upate ile ile ya 2,300 ya Dar unahitaji kama 2,460. Nairobi, karibu mita 1,700, inafika 2,500. Wengi wa bara wanasoma mipangilio ya watu wa pwani au ya Ulaya, wanaona helikopta "nzito", wanaongeza pichi mpaka mota inalemewa na mkia unaanza kukimbia. Ongeza mzunguko kwanza.

Kwa hiyo kwenye ESC (kidhibiti cha kasi ya mota) washa gavana, yaani kinachoshikilia mzunguko usibadilike, kama inayo, weka mkunjo wa resi bapa kuanzia 80% kote, pima kwa tachometa ya mwanga, panda au shuka mpaka usome 2,450 hivi. Bapa maana yake kijiti kinaongoza pichi peke yake, resi haishuki ukikishusha. Usiweke ule mkunjo wa kupanda kutoka 0. Mzunguko ukibadilika kila ukigusa kijiti, mkia nao unabadilika, na unajifunza kupambana na vitu viwili badala ya kimoja. Mwanzo laini wa ESC uweke mrefu kadiri inavyoruhusu, sekunde 10 hadi 15.

Swichi ya kukata resi iwekwe pale kidole cha shahada kinapofika bila kuachia kijiti. Ijaribu mapanga yakiwa nje na waya za mota zimerudishwa: resi 80%, piga swichi, mota ife hapo hapo. Kisha zima rimoti huku helikopta imewashwa (bado bila mapanga) uone kama mota inakata yenyewe. Kama inaendelea kuzunguka, rudia kuunganisha resiva (kipokezi kilicho ndani ya helikopta) na rimoti ukiwa umeweka swichi kwenye kukata.

---

Kipanga_Kigamboni

Nimesoma, safi. Mimi nachukua siku yenyewe.

Sehemu kwanza. Tafuta mahali peupe pa ukubwa wa uwanja wa mpira, pasipo na watoto. Kwa Arusha kaa mbali na uwanja wa ndege wa Kisongo, na angalia taratibu za TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania) za vyombo visivyo na rubani kabla ya kutoka, maana nao wanahesabu helikopta yako humo humo. Nenda saa kumi na mbili na nusu au saa moja asubuhi, upepo haujaamka. Huku pwani kusi ikishika, kufikia saa nne umeshafunga vitu. Huko kwenu jua likipanda upepo unaanza bila taarifa.

Ardhi: zege laini, lami au mchanga mgumu uliofagiwa. Majani usiyapende siku ya kwanza. Mguu ukinasa kwenye majani huku helikopta inataka kusogea pembeni, inajipindua kwa kuegemea ule mguu. Kama una majani tu, tandika ubao wa plaiwudi wa mita 1.2 kwa 1.2, au zulia kuukuu lililopigiliwa misumari pembeni.

Funga miguu ya kujifunzia. Ni fito mbili za kaboni au faibaglasi za kama sm 70, zikatishwe msalaba chini ya miguu ya helikopta, zifungwe kwa kamba za plastiki, ncha zake zivalishwe mipira ya tenisi ya mezani. Mipira hiyo inafanya iteleze badala ya kunasa. Uzito unaongezeka kidogo, siyo shida.

Kulinganisha mapanga. Funga utepe mwekundu kwenye ncha ya panga moja na mweusi kwenye jingine. Bolti za mapanga zikazwe hivi: ukilaza helikopta ubavu mapanga yasianguke yenyewe, ukiitikisa kidogo yaanguke. Yakikazwa kama ya feni ya ukutani hayawezi kujinyoosha yenyewe, yanaleta mtikisiko. Ielee kwa kimo cha macho, wewe uko mita 8, mwenzako mwenye miwani ya kinga atazame ncha kutoka umbali huo huo. Akiona mstari mmoja, sawa. Akiona miwili, aseme rangi ipi iko juu. Tua, kata resi, ngoja yasimame, fupisha linki (kifimbo kinachounganisha swoshi na kishikio) ya panga la juu kwa kuizungusha mara moja, rudia. Usikadirie ukiwa umechuchumaa hapo karibu. Ncha ya panga kwenye 2,450 inakwenda karibu mita 90 kwa sekunde, ni zaidi ya km 320 kwa saa.

Hatua zenyewe:

Weka helikopta chini, mkia ukuelekee. Washa rimoti kwanza, swichi ya kukata resi ikiwa imefungwa. Chomeka betri, ondoa mikono, usiiguse sekunde kumi. Jairo inajipima wakati huo. Ukiitikisa, itaanza na kumbukumbu mbovu. Gusa vijiti uone swoshi inaitika. Rudi nyuma mita 8. Kijiti cha pichi chini, achia resi, ngoja mzunguko utulie kabisa.

Hapa sasa ndipo penye siri ya flaibalesi. Ikiwa bado chini, utaona swoshi imelala upande, au ukigusa kijiti inalala na hairudi. Usiinyooshe! Jairo inajaribu kuisogeza helikopta, helikopta haisogei kwa kuwa imekaa chini, basi jairo inazidisha. Ukiinyoosha kwa kijiti unaiongezea hesabu nyingine ya uongo. Vijiti vya kulalia viache katikati, panda kwa uamuzi. Kwa uamuzi siyo kwa pupa: kama sekunde moja na nusu kutoka chini hadi mita moja.

Na mita moja ni lazima. Chini ya sm 70, ambao ndio upana wa duara la mapanga yako, upepo unaoshuka unagonga ardhi na kurudi, helikopta inateleza kama sahani kwenye sabuni. Anayeanza anaogopa kimo, anaiacha sm 20, na hapo ndipo pagumu kuliko pote. Ukiona mambo yamekuwa mengi, iteremshe pichi taratibu itue, usiiporomoshe.

Mzunguko wa kwanza: panda, elea sekunde kumi, tua. Pumzisha vidole. Tena. Betri nzima iishe hivyo. Usijaribu kugeuza ubavu siku hiyo hata kama imetulia kama taa ya mezani. Tazama pua yake, siyo mkia, ingawa mkia ndio ulio karibu na wewe. Mkono wako utasahihisha mapema zaidi.

---

Benchi_Kwanza

Naongeza vipuri maana uliuliza. Jozi 3 za mapanga ya faibaglasi (kaboni acha mpaka mkono utulie), shafti ndogo ya kichwa 3, shafti kuu 2, gia kubwa 2, bomba la mkia 1 na fito zake za kushikilia, jozi 2 za mapanga ya mkia, shafti ya mkia 1, seti ya linki na vikombe vyake vya mpira, mkanda 1, gia za ndani za servo moja. Ukianguka kidogo tu, shafti ndogo na gia kubwa ndizo zinazokwenda. Shafti zikaguliwe kwa kuzivingirisha juu ya kioo. Ikipepesuka hata kama unywele, tupa, usijaribu kuinyoosha kwa nyundo.

Halafu: ukiona inaanguka, piga swichi ya kukata resi kabla haijagusa. Mota iliyokwama huku resi iko 80% inaunguza ESC ndani ya sekunde chache, na gia inabaki bila meno.

---

Mkia_Imara

Sikubaliani na Mapanga_Sawa kwenye mkunjo wa −3, +4, +10. Ni mzuri wiki ya kwanza, halafu unakudai. Siku ukitaka kwenda hatua ya pili unabadilisha swichi, pichi ya kuelea inahama kutoka katikati kidogo kwenda robo tatu ya kijiti, na helikopta inaruka au inazama pale pale unapobadili. Weka mstari ulionyooka, −10, 0, +10, tangu mwanzo. Kuelea kutakuwa robo tatu, mkono utazoea, mwisho wa habari.

---

Mapanga_Sawa

Sawa, lakini mwambie na hatari yake. Mtu mwenye hofu akitua anavuta kijiti mpaka chini. Kwa mstari wako hiyo ni −10, mapanga yanapinda chini yanakata bomba la mkia, hasa pale mzunguko unaposhuka na upepo upo. −3 inamsamehe.

---

Mkia_Imara

Basi tukutane: −5, +1, +10, na simyuleta aiweke vile vile. Rimoti na simyuleta zikitofautiana anafundisha vidole uongo.

---

Chuma_Njiro

Asanteni sana wakuu. Nimekagua yote leo. Pete za beringi ya msukumo kwenye kishikio kimoja zilikuwa zimegeuzwa, na jairo ya kulala ubavu ilikuwa kinyume. Nimerekebisha, asubuhi nimeielea mara sita kwa sekunde kumi kumi juu ya ubao. Mzunguko wa kichwa ni 2,440, mkunjo wa mwisho wa Mkia_Imara.

Yamejitokeza mambo matatu. Kwanza, kila ikiinuka mguu wa kushoto unatoka kwanza, halafu inataka kuteleza kushoto. Pili, mkia unatikisika harakaharaka kama mbwa mwenye furaha. Tatu, mara mbili servo zimeruka kidogo zenyewe, kama zimeshtuka, kisha zikatulia.

---

Mkia_Imara

La kwanza siyo kosa. Mapanga yako yanafuata saa, kwa hiyo mwili unataka kuzungukia kushoto, na mkia unaupinga kwa kusukuma helikopta yote kushoto. Ili isimame mahali pamoja lazima ilalie kulia kidogo muda wote. Ndiyo maana mguu wa kulia ndio unaoachana na ardhi mwisho. Hata helikopta za kubeba watu ziko hivyo, ila zile ambazo mapanga yake yanazunguka kinyume cha saa zinalalia kushoto. Unapoinuka mpe kulia kidogo kwa kijiti mara tu mguu wa kushoto unapotoka, siyo kabla. Usiguse trimu.

La pili, kutikisika haraka ni geini ya mkia (ukali wa jairo kusahihisha) iliyo juu. Ishushe pointi 3 kwa wakati mmoja mpaka itulie, kisha 2 zaidi za akiba kwa ajili ya asubuhi zenye baridi, hewa ikiwa nzito. Ukiishusha mno utauona mkia unayumba polepole na kuchelewa kusimama unapoachia kijiti. Lakini kabla ya kugusa namba, shika kitelezi cha mkia kwa vidole helikopta ikiwa imezimwa. Kisogeze mbele na nyuma. Kikicheza bila servo kusogea, linki imelegea au fito inapinda katikati, na hapo hakuna geini itakayosaidia. Ibane kwa vishikizo viwili zaidi kwenye bomba. Kikikwama, zile linki za plastiki zimebana mpira wake. Minya kikombe kidogo kwa koleo mpaka kidondoke kwa uzito wake.

Angalia pia mkono wa servo ya mkia uko kwenye tundu gani. Tundu la mbali sana linafanya servo isogee kidogo mkia usogee sana, na jairo inakuwa kama mtu anayetia chumvi kwa koleo.

---

Benchi_Kwanza

La tatu ndilo la kuwekea mkono kichwani. Usiruke tena mpaka ulimalize.

Sababu mbili. Ya kwanza, mkanda. Mkanda wa mpira unaokimbia ndani ya bomba unatengeneza umeme tuli, na hewa ikiwa kavu, kama huko kwenu kipupwe, unalimbikizana mpaka uruke cheche kwenda kwenye vyuma vya jirani. Servo zinashtuka. Dawa: waya mwembamba kutoka kwenye skrubu ya mota hadi kwenye bomba la mkia, rangi ikwanguliwe pale unapogusa, na mkanda upulizwe unga wa grafaiti kidogo. Upime kwa multimita: kutoka mwili wa mota hadi bomba isome karibu ohmu 0.

Ya pili, umeme wa servo. Servo nne na jairo zinavuta pamoja ukigusa vijiti vyote, na kama kipunguza volti cha ndani ya ESC ni dhaifu, volti inashuka ghafla na resiva inapepesa. Waya za mota zikiwa nje, chezesha vijiti vyote kwa nguvu kwa dakika moja huku multimita imechomekwa kwenye nafasi tupu ya resiva. Kama umeiweka 5.5, isishuke chini ya 5. Ikishuka, weka kipunguza volti cha nje cha ampia 5 au zaidi.

Chunguza pia waya zinazoingia kwenye jairo zisivutike wala kugusa fremu. Inabidi zilegee kama kamba ya kuanikia nguo, la sivyo zinapitisha mtikisiko wa fremu moja kwa moja kwenye jairo, na ule utepe wa sponji chini yake unakuwa kazi bure.

---

Chuma_Njiro

Multimita imesoma ohmu kilo kadhaa kutoka mota hadi bomba. Baada ya waya ni 0.4. Volti haishuki chini ya 5.3. Kesho naijaribu. Betri je? Saa ya rimoti niiweke dakika ngapi? Na kuna jamaa anatoka Dubai, anaweza kuniletea nyingine mbili?

---

Kipanga_Kigamboni

Weka dakika tatu na nusu kwanza. Ukitua, chaji kwa ampia 2.2, na tazama chaja imerudisha mAh ngapi. Tuseme imerudisha 1,400: ni 400 kwa dakika. Unaruhusiwa kutumia asilimia 80 ya 2,200, yaani 1,760, kwa hiyo saa yako ya kweli ni dakika 4 na sekunde 24. Weka 4:15. Rudia hesabu hiyo kila baada ya wiki chache, betri zinachoka. Ukimaliza siku, ziache kwenye volti 3.8 hadi 3.85 kwa seli, siyo zikiwa zimejaa, na zikae kwenye sanduku la chuma lisilofungwa kabisa, mbali na pazia.

Za Dubai: seli 3 za mAh 2,200 ni saa-wati 24.4 kila moja, chini ya kikomo cha 100, kwa hiyo anaweza kuzibeba. Lakini ni begi la mkononi tu, kamwe siyo la kuweka chini ya ndege, plagi zimefungwa utepe, kila moja kwenye mfuko wake, na asome masharti ya shirika lake kabla. Kuzituma peke yake kama mzigo kwenye ndege ya abiria kumepigwa marufuku tangu 2016, ndiyo maana wauzaji wengi wanakukatalia.

Na ukiijaribu kesho, betri ya kwanza isikae hewani zaidi ya dakika moja. Tua, gusa mota, ESC na betri kwa kidole. Ukishindwa kuweka kidole kwenye mota sekunde tatu, rudi kwenye gia uone kama umebana.